Njia ya Kuwa Mtafiti wa Algoriti: Kutoka Darasa la Hisabati hadi Uprofesa

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, maelfu ya vijana wa Tanzania huomba nafasi katika vyuo vikuu. Mwombaji mmoja huomba vyuo kadhaa kwa wakati mmoja, na wapo wanaochaguliwa na viwili au vitatu. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huwataka hao wathibitishe chuo kimoja, na nafasi zilizobaki wazi hujazwa katika awamu zinazofuata. Kenya wanatumia utaratibu mwingine: taasisi ya KUCCPS hukusanya machaguo ya wanafunzi na kuwapangia kozi kwa pamoja. Utaratibu upi humtendea mwombaji haki zaidi? Upi huacha nafasi chache bila mtu? Wapo watu wanaolipwa mshahara kufikiria maswali ya aina hii. Hao ni wanazuoni wa algoriti, na makala haya yanaeleza kazi yao ni ipi na kijana wa Afrika Mashariki ataifikiaje.

Algoriti ni mfululizo wa hatua zilizo wazi, zenye mwisho, zinazotoa jibu la tatizo fulani. Kompyuta si lazima iwepo. Kujumlisha namba kubwa kwa kuzipanga wima na kubeba mkononi ni algoriti, na kila aliyesoma shule ya msingi anaijua. Kinachomtofautisha mwanazuoni na mtumiaji wa kawaida ni kwamba mwanazuoni hutakiwa kubuni hatua mpya, kisha kuonyesha bila shaka yoyote kwamba zinafanya kazi.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukua waombaji watatu, Asha, Baraka na Chiku, na kozi tatu zenye nafasi moja moja: Uhandisi, Uhasibu na Ualimu. Asha anataka Uhandisi, kisha Uhasibu, mwisho Ualimu. Baraka anataka Uhandisi, kisha Ualimu, mwisho Uhasibu. Chiku anataka Uhasibu, kisha Uhandisi, mwisho Ualimu. Kozi nazo zina mpangilio wao kulingana na alama. Uhandisi inamweka Chiku mbele, kisha Baraka, kisha Asha. Uhasibu inamweka Asha mbele, kisha Chiku, kisha Baraka.

Kanuni ni hii: kila mwombaji huomba kozi anayoipenda zaidi kati ya zile ambazo hazijamkataa. Kozi humshikilia kwa muda mwombaji bora iliyempata na kuwakataa wengine. Hakuna jibu la mwisho mpaka kila mtu awe ameshikiliwa mahali.

Asha na Baraka wanaomba Uhandisi, Chiku anaomba Uhasibu. Uhandisi inamshikilia Baraka na kumkataa Asha. Asha anahamia Uhasibu, ambako anapendelewa kuliko Chiku, hivyo Chiku anaachwa. Chiku anakwenda Uhandisi, ambako yuko mbele ya Baraka, hivyo Baraka anaachwa. Baraka anaomba Ualimu na kupokelewa. Mwisho: Asha Uhasibu, Baraka Ualimu, Chiku Uhandisi.

Baraka atalalamika kwamba alitaka Uhandisi. Hata hivyo, Uhandisi imempata Chiku, ambaye inampendelea zaidi. Asha naye aliitaka Uhandisi, lakini huko yuko nyuma ya Chiku. Chiku aliitaka Uhasibu, lakini Uhasibu inampendelea Asha. Hakuna mwombaji na kozi wanaoweza kukubaliana pembeni na kuvunja mpangilio huu huku wote wawili wakifaidika. Mpangilio wa namna hiyo huitwa thabiti.

Utaratibu huu ulichapishwa mwaka 1962 na Wamarekani wawili, David Gale na Lloyd Shapley, katika makala mafupi ya kihisabati. Walichokiongeza juu ya utaratibu wenyewe ni uthibitisho. Walionyesha kwamba hatua hizo hufika mwisho daima, na kwamba matokeo ni thabiti hata waombaji wakiwa laki moja na hata mapendeleo yao yakiwa ya ajabu kiasi gani. Gharama yake nayo inajulikana: kwa kuwa hakuna anayeomba kozi moja mara mbili, waombaji 1,000 na kozi 1,000 hawawezi kuzidisha maombi milioni moja, kazi ambayo simu ya kawaida huimaliza haraka. Linganisha na kujaribu kila mpangilio unaowezekana. Kwa waombaji 20 na kozi 20 tu, kompyuta inayokagua mipangilio bilioni moja kwa sekunde ingehitaji takribani miaka 77.

Hapo yamo maswali matatu ambayo mtafiti wa algoriti huyauliza maisha yake yote. Je, hatua hizi zina mwisho? Je, jibu ni sahihi kila mara? Je, linagharimu muda na kumbukumbu kiasi gani?

Kutoka karatasini hadi hospitalini

Mambo hayakuishia kwenye karatasi. Mwanauchumi Alvin Roth aligundua kwamba mfumo wa Marekani wa kuwapangia madaktari wapya hospitali, uliokuwepo tangu miaka ya 1950, ulikuwa ukifuata hatua zinazofanana na hizo. Baadaye alishiriki kuusanifu upya, kisha akasaidia kubuni taratibu za kuwapangia wanafunzi shule katika miji ya New York na Boston. Yeye na wenzake walibuni pia namna ya kubadilishana figo: mtu aliye tayari kumpa ndugu yake figo isiyolingana naye huunganishwa na jozi nyingine yenye shida kama hiyo, na kila mgonjwa hupata figo inayomfaa. Mwaka 2012 Roth na Shapley walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Gale alikuwa ameshafariki mwaka 2008.

Historia hii inaonyesha pande mbili za taaluma. Upande wa kubuni hukaa karibu na hisabati: kalamu, ubao na uthibitisho. Upande wa kutumia huingia hospitalini, shambani, bandarini au kwenye kituo cha mabasi, na kugundua kwamba watu halisi hawafuati masharti yaliyoandikwa kwenye karatasi. Madaktari wapya waliooana, kwa mfano, wanataka kupangwa mji mmoja, na sharti hilo dogo huvuruga uthibitisho wa Gale na Shapley. Unaweza kuchagua upande mmoja, lakini mtafiti anayeuelewa wa pili hufika mbali zaidi.

Wapo pia wanaochunguza yasiyowezekana. Mwaka 1971 Stephen Cook, na mwaka uliofuata Richard Karp, walionyesha kwamba kuna familia kubwa ya matatizo ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kutatua hata moja, na ukipata njia ya haraka ya mojawapo utakuwa umeyapata yote. Ratiba ya mitihani ya chuo, pale unapotaka kutumia vipindi vichache iwezekanavyo bila mwanafunzi yeyote kuwa na mitihani miwili kwa wakati mmoja, imo katika familia hiyo. Tangu mwaka 2000 Taasisi ya Clay imeahidi dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama njia ya haraka ipo au haipo. Bado fedha hizo hazijachukuliwa.

Sekondari na shahada ya kwanza

Msingi ni hisabati. Kwa mwanafunzi wa Tanzania, tahasusi yenye hisabati ya juu, kama PCM, PGM au EGM, huacha mlango wazi. Kutojua kuandika programu ukiwa kidato cha sita si tatizo kubwa, kwa sababu hilo hufundishika ndani ya miezi. Pengo la hisabati huchukua miaka kuzibika.

Chuoni, chagua sayansi ya kompyuta au hisabati. Soma tangazo la kozi kabla ya kujaza fomu, maana baadhi ya shahada zenye majina ya kuvutia hufundisha zaidi kutumia mifumo iliyokwisha kutengenezwa. Unachotafuta ni masomo haya: mantiki na seti, nadharia ya grafu, uwezekano na takwimu, aljebra ya mstari, miundo ya data, na algoriti zenyewe. Kama kozi yako haina somo la uthibitisho wa kihisabati, omba ruhusa ya kuhudhuria darasa la idara ya hisabati.

Vitabu havihitaji fedha nyingi. Kitabu kinachotumika sana duniani ni kile cha Cormen, Leiserson, Rivest na Stein, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1990 na toleo la 4 mwaka 2022. Kitafute maktabani. Jeff Erickson wa Chuo Kikuu cha Illinois ameweka kitabu chake cha algoriti bure kwenye intaneti, na chuo cha MIT kimeweka mihadhara yake ya somo hilo wazi kwa kila mtu. Ukisoma, usikimbilie majibu. Zoezi moja ulilohangaika nalo siku tatu lina faida kuliko ishirini uliyosoma majibu yake.

Mashindano ya ICPC nayo ni shule nzuri. Timu ya wanafunzi watatu hupewa kompyuta moja na saa tano za kutatua maswali ya algoriti. Hapo utajifunza kasi, kushirikiana na kukagua makosa. Kumbuka tu kwamba swali la mashindano lina jibu ambalo aliyelitunga tayari analijua. Swali la utafiti halina mtu wa kukuambia kama jibu lipo.

Umri mdogo si kizuizi. Mwaka 2002 Manindra Agrawal wa taasisi ya IIT Kanpur nchini India, pamoja na Neeraj Kayal na Nitin Saxena waliokuwa ndiyo kwanza wamemaliza shahada ya kwanza, walitoa algoriti inayotambua namba tasa kwa haraka na kwa uhakika kamili, jambo lililokuwa limewashinda wengi. Mwaka 2006 walipewa Tuzo ya Gödel.

Uzamili: mahali pa kuanzia karibu na nyumbani

Huhitaji kuvuka bahari kupata shahada ya uzamili. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina programu za sayansi ya kompyuta. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela (NM-AIST) inayofundisha ngazi za uzamili na uzamivu. Kigali kuna Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon tawi la Afrika, na pia kituo cha AIMS, mtandao wa taasisi za hisabati ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003 na Neil Turok. AIMS kwa kawaida huwafadhili wanafunzi wake ada na malazi, kwa hiyo ushindani ni mkali.

Uzamili ndio wakati wa kujipima kama utafiti unakufaa. Chagua tasnifu yenye swali dogo unaloweza kulieleza kwa sentensi mbili. "Kuboresha usafiri Dar es Salaam kwa kutumia algoriti" si swali. "Kwa njia moja ya mabasi yenye vituo 27 na mabasi 40, ratiba ipi inapunguza muda mrefu zaidi wa abiria kusubiri?" ni swali, kwa sababu linaweza kujibiwa, kukaguliwa na kukosolewa.

Uzamivu na kumtafuta msimamizi

Bila uzamivu, njia ya kufikia uhadhiri kamili na uprofesa ni finyu sana. Afrika Mashariki, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi hujilipia ada au hulipiwa na mwajiri wake huku akiendelea kufundisha. Ujerumani, Uholanzi na nchi za Skandinavia, wengi huajiriwa kwa mshahara kama watafiti kwa miaka 3 hadi 4. Marekani huchukua miaka 5 au zaidi, lakini vyuo vingi vya utafiti hulipa ada na posho ya kujikimu, na wapo wanaopokelewa moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza. Fuatilia pia ufadhili wa DAAD na Jumuiya ya Madola, na uandike tarehe zao za mwisho mapema, maana maombi huhitaji barua za wahadhiri ambao wana shughuli nyingi.

Msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo. Soma makala mawili ya profesa unayemtaka, kisha umwandikie barua pepe fupi. Maprofesa hupokea barua nyingi zinazoanza kwa sifa na kuishia kwa ombi la ufadhili, na nyingi hazijibiwi. Inayosomeka huwa na mambo manne:

1. Wewe ni nani na umesoma nini, kwa sentensi moja.
2. Matokeo gani katika makala yake umeyasoma, na swali gani la kweli ulilobaki nalo.
3. Kazi uliyoifanya mwenyewe, ikiwa na kiungo cha tasnifu au programu.
4. Ombi moja lililo wazi, kwa mfano kama atapokea mwanafunzi mpya mwakani.

Ukishapokelewa, andika kila unachojaribu, hata kilichoshindikana, ukiweka na tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wazo lililokufa mwezi wa pili huweza kuwa ufunguo mwaka wa tatu.

Kuchapisha: desturi za taaluma hii

Katika sayansi ya kompyuta, mikutano ya kisayansi ina uzito kama wa majarida, na mara nyingi zaidi. Kwa algoriti, mikutano mikubwa ni STOC, FOCS na SODA, na ule wa Ulaya uitwao ESA. Makala hukaguliwa na wataalamu na mengi hukataliwa. Kukataliwa ni sehemu ya kazi: soma maoni, rekebisha, tuma tena kwingine. Watafiti wengi pia huweka nakala kwenye hifadhi ya arXiv, iliyopo tangu 1991, ambako mtu yeyote husoma bila kulipa.

Hapa mtafiti wa Afrika Mashariki anahitaji tahadhari mbili. Kwanza, kamati za kupandisha vyeo katika vyuo vyetu mara nyingi huhesabu majarida kuliko mikutano, kwa hiyo makala yaliyopita mkutanoni yapanue na kuyapeleka kwenye jarida. Pili, katika nadharia ya algoriti majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti. Kamati iliyozoea fani ambazo jina la kwanza ndilo la mwandishi mkuu itadhani Zuberi alisaidia tu. Eleza desturi hiyo ndani ya wasifu wako wa kitaaluma.

Jihadhari pia na majarida ya kitapeli yanayokubali kila kitu ndani ya siku chache mradi umelipa. Makala kama hayo hukuharibia jina na fedha hazirudi.

Upweke nao ni tatizo la kweli, maana idara nyingi zina mtu mmoja tu wa fani hii au hazina kabisa. Tafuta wenzako nje ya idara. Data Science Africa ilianza Nyeri mwaka 2015, Deep Learning Indaba ilianza Johannesburg mwaka 2017 na imefanyika katika nchi mbalimbali, na mwaka 2023 mkutano mkubwa wa kimataifa wa ICLR ulifanyika Kigali. Ingawa mikutano hii inaegemea ujifunzaji wa mashine, ndipo mahali rahisi pa kukutana na watu wanaofikiri kama wewe.

Ajira na ngazi za vyeo

Katika vyuo vikuu vya umma Tanzania, vyeo hupanda kwa ngazi: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Matangazo ya kazi kwa kawaida hutaka wastani usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika uzamili. Kwa hiyo mwaka wa kwanza wa chuo una uzito. Wengi wameanza kwa uzembe na kukuta mlango umefungwa miaka minne baadaye. Nafasi za vyuo vya umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira au na vyuo vyenyewe.

Kazi yenyewe ina sehemu tatu: kufundisha, kutafiti na kuhudumia chuo na jamii. Madarasa yetu ni makubwa, na kusahihisha hula muda mwingi wa muhula. Wanaodumu ni wale wanaotenga asubuhi mbili za wiki kwa utafiti na kuzilinda. Mshahara ni wa uhakika, ila benki na kampuni za teknolojia hulipa zaidi. Unachopata chuoni ni uhuru wa kuchagua swali lako mwenyewe.

Ukitumia data za watu

Algoriti inayoamua nani apate mkopo au nani apangiwe shule inagusa maisha. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Kabla ya kukusanya data, pata kibali cha maadili cha chuo, na kibali cha utafiti cha COSTECH ukiwa Tanzania au NACOSTI ukiwa Kenya pale kinapotakiwa. Kisha eleza wazi mfumo wako unakosea wapi na nani anaumia unapokosea. Watafiti wa Makerere waliotengeneza njia ya kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu walilazimika kufika mashambani na kufanya kazi na wataalamu wa kilimo. Kukaa maabara peke yake kusingetosha.

Kwa nani kazi hii inafaa

Inamfaa anayeweza kukaa na swali moja muda mrefu bila jibu, anayefurahi kuonyeshwa kosa, na anayependa kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi. Asiyependa hisabati hataifurahia, hata akiwa hodari wa kuandika programu.

Ukijiona katika maelezo haya, usisubiri barua ya udahili. Chagua tatizo moja la mpangilio unalolijua: foleni ya zahanati, ratiba ya mitihani, mgawanyo wa zamu za maji mtaani. Liandike kwa ukurasa mmoja: kinachojulikana, kinachotafutwa, na jibu zuri litapimwaje. Kisha mpelekee mhadhiri wa hisabati au kompyuta aliye karibu nawe, na umwombe akuonyeshe lilipo kosa.